Kasoro za Kurithi kwa Mifugo: Kwa Nini Fahali Apimwe Kabla ya Kupandisha

SHINYANGA – Katika vijiji vingi vya Kishapu, Msalala na Ushetu, na kuvuka hadi Mbogwe, Bukombe na Nyang'hwale mkoani Geita, fahali mmoja huweza kuwa baba wa karibu ndama wote wa kundi kwa miaka mingi mfululizo. Fahali huyo huchaguliwa kwa umbo lake: nundu kubwa, shingo nene, rangi inayopendeza na ukali unaowatisha madume wengine machungani. Ni nadra kuchaguliwa kwa kuangalia nyonga zake, kwato zake, taya lake au ndama waliozaliwa na ndugu zake.

Uteuzi wa namna hiyo una gharama. Fahali mwenye kasoro ya kurithi haharibu ndama mmoja. Huisambaza kasoro hiyo kwa kundi zima, na kupitia mauzo ya mnadani, mahari na desturi ya kukabidhi ng'ombe kwa ndugu na marafiki ili wawatunze, huifikisha kwenye makundi ya vijiji jirani. Mfugaji huja kubaini tatizo baada ya miaka kadhaa, wakati ndama dhaifu wameongezeka, mimba zinatoka na maksai aliyetegemewa kwa jembe anachechemea katikati ya msimu wa kulima.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36 na inatajwa kuwa nchi ya pili barani Afrika kwa wingi wa mifugo hiyo, ikitanguliwa na Ethiopia. Sehemu kubwa ya ng'ombe hao ni Zebu wafupi wa Tanzania, aina ya asili iliyozoea ukame, kupe na malisho hafifu. Kwa kaya ya Usukumani, ng'ombe hao ni akiba, mahari, maziwa, mbolea na nguvu ya kulimia mashamba ya pamba, mahindi na mpunga. Kwa sababu hiyo, afya ya uzazi wa kundi ni suala la uchumi wa kaya.

Urithi unavyofanya kazi

Kila ndama hupokea nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kasoro za kurithi hupita katika njia hiyo kwa namna kuu mbili, na ni muhimu mfugaji azitofautishe.

Namna ya kwanza ni kasoro inayotokana na jeni moja iliyojificha. Mnyama mwenye nakala moja ya jeni hiyo huonekana mzima kabisa. Huyu huitwa mbebaji. Fahali mbebaji akikutana na jike mbebaji, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne hupata nakala mbili na kuonesha kasoro, wawili huwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja hubaki salama. Ndiyo maana kundi linaweza kukaa vizazi kadhaa bila dalili yoyote, kisha kasoro ikajitokeza ghafla.

Namna ya pili ni kasoro inayotokana na jeni nyingi kwa pamoja, zikichochewa na mazingira kama lishe, uzito na kasi ya kukua. Ulemavu wa nyonga uko katika kundi hili. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika tundu la nyonga. Kiungo hulegea, gegedu huchakaa na mnyama hupata maumivu yanayozidi kadiri umri unavyosonga. Kwa ng'ombe, ulemavu huu umeripotiwa hasa kwa mafahali wa aina za nyama za kigeni wanaokua haraka, wakiwamo Hereford. Fahali mwenye nyonga mbovu hushindwa kumpanda jike na hupoteza uzito. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kuumaliza ubishi juu ya kasoro ya aina hii. Kinachosaidia ni kumchunguza mnyama mwenyewe, kupiga picha ya eksirei inapowezekana, na kujua historia ya wazazi na ndugu zake.

Funzo kutoka kwa paka na mbwa

Ulemavu wa nyonga unafahamika zaidi kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd, aina inayotumika sana duniani katika kazi za ulinzi na doria. Watu wachache wanajua kwamba paka nao hupata tatizo hilo. Aina ya paka wakubwa waitwao Maine Coon, wenye asili ya Marekani, ndiyo inayotajwa zaidi. Katika picha za nyonga za paka hao zilizokusanywa na taasisi ya Marekani inayosajili afya ya mifupa ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1966, takriban robo walikutwa na ulemavu huo.

Paka huficha maumivu. Mara nyingi hachechemei. Huacha tu kuruka juu ya meza au ukuta aliouzoea, na mwenye paka hudhani ni uvivu au uzee. Kwa sababu hiyo wafugaji wa aina hizo hawasubiri dalili. Huwapiga paka na mbwa wa mbegu picha ya nyonga, picha hupangwa kwa madaraja, na mnyama mwenye daraja baya huondolewa katika uzazi hata kama anaonekana mzima na ana umbo la kuvutia.

Paka wa kawaida wanaolinda maghala ya mpunga na mahindi dhidi ya panya katika mikoa ya Shinyanga na Geita huzaliana kwa mchanganyiko mpana na wana miili myepesi, hivyo hatari kwao ni ndogo. Kanuni inayotumika kwa Maine Coon, hata hivyo, ndiyo ileile inayomfaa fahali wa Kishapu: mzazi hupimwa kabla ya kuzalisha.

Hatari ya kuzalisha ndani ya ukoo mmoja

Kasoro zilizojificha hujitokeza zaidi pale baba anapompanda binti yake, au ndugu wanapopandana. Mfano ufuatao unaonesha hesabu yake. Fahali mbebaji akizalisha na majike wasio na jeni yenye kasoro, hakuna ndama atakayeonesha tatizo, lakini nusu ya mitamba wake watakuwa wabebaji. Fahali huyo akiachwa kundini hadi mitamba hao wakomae na kuwapanda, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanane atazaliwa na kasoro. Mfugaji mwenye mitamba 16 wa fahali huyo anaweza kutarajia ndama wawili wenye kasoro katika uzao mmoja.

Hasara haiishii kwenye ulemavu unaoonekana. Kuzalisha ndani ya ukoo hupunguza uwezo wa kushika mimba, uzito wa ndama, wingi wa maziwa na uwezo wa kuhimili magonjwa.

Njia rahisi ya kuepuka hali hiyo haihitaji maabara. Fahali aondolewe kundini kabla ya binti zake wa kwanza kufikia umri wa kupandwa, jambo ambalo kwa ng'ombe wa asili humaanisha kumbadilisha takriban kila baada ya miaka mitatu. Wafugaji wa vijiji tofauti wanaweza kubadilishana mafahali waliopimwa, mradi wahakikishe kwamba mafahali hao hawatokani na baba mmoja. Madume wasioteuliwa wahasiwe mapema, kwa kuwa machunga ya pamoja humpa dume yeyote nafasi ya kupanda.

Uhimilishaji nao unahitaji umakini

Serikali imekuwa ikihimiza uhimilishaji ili kuboresha kosaafu za mifugo. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River mkoani Arusha hutunza mafahali wa mbegu, na mbegu zao huhifadhiwa katika mirija ndani ya hewa ya naitrojeni iliyogandishwa kuwa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfugaji wa Geita anaweza kupata ndama wa fahali bora bila kumnunua wala kumlisha fahali huyo.

Hata hivyo, nguvu ya uhimilishaji ndiyo pia inayofanya upimaji uwe wa lazima. Fahali mmoja wa mbegu anaweza kuwa na maelfu ya watoto. Historia ya ng'ombe wa Holstein nchini Marekani inatoa funzo kubwa. Fahali Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alikuwa na binti wapatao 16,000 na alisifiwa kwa kuongeza maziwa. Miongo kadhaa baadaye wanasayansi walibaini kwamba alibeba jeni iliyojificha ambayo, ikikutana na nakala nyingine, huua ndama tumboni. Inakadiriwa kwamba jeni hiyo ilisababisha kutoka kwa mimba zipatazo 500,000 duniani. Fahali mwingine mashuhuri, Carlin-M Ivanhoe Bell, alibainika kubeba jeni mbili tofauti za maradhi ya kurithi, moja ya upungufu wa kinga na nyingine ya ulemavu wa uti wa mgongo.

Leo jeni hizo hupimwa maabara kwa sampuli ndogo ya damu au nywele, na majibu huandikwa katika taarifa za fahali. Mfugaji anayehimilishia mbegu za Friesian ana haki ya kumuuliza mhimilishaji taarifa hizo. Vilevile anapaswa kuandika namba ya fahali iliyochapishwa kwenye mrija, ili mtamba atakayezaliwa asije akahimilishwa kwa mbegu za baba yake mwenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Ukuaji wa miji ya Geita, Katoro na Kahama umeongeza mahitaji ya maziwa na nyama, na sehemu ya kipato cha uchimbaji mdogo huwekezwa katika ng'ombe. Mnunuzi mwenye fedha taslimu na haraka ndiye anayeuziwa kwa urahisi fahali chotara asiye na historia yoyote.

Fahali hupimwaje

Upimaji wa fahali hufanywa na daktari wa mifugo, lakini hatua za mwanzo zinaweza kufanywa na mfugaji mwenyewe akisaidiwa na ofisa mifugo wa kata.

Hatua ya kwanza ni ukoo. Muuzaji aulizwe baba na mama wa fahali ni nani, na ikiwezekana mnunuzi awaone ndama wengine wa baba huyo.

Hatua ya pili ni mwendo. Fahali atembezwe kwenye ardhi ngumu, atazamwe kwa nyuma na kwa ubavu. Nyonga mbili ziwe sawa, hatua ziwe ndefu na zenye uzito ulio sawa, na anapolala aweze kunyanyuka bila kusitasita. Kwato zisiwe zimejikunja wala kupishana.

Hatua ya tatu ni kichwa na tumbo. Meno ya chini yakutane na ufizi mgumu wa juu. Taya fupi au lililochomoza sana humzuia mnyama kukata majani na mara nyingi hurithiwa. Macho yawe angavu. Kitovu kisiwe na uvimbe wa ngiri, kwani tatizo hilo linaweza kupita kwa watoto.

Hatua ya nne ni korodani. Zote mbili ziwe zimeshuka, zinalingana na zinasogea kwa urahisi ndani ya mfuko wake. Dume ambaye korodani moja haikushuka anaweza kuzalisha, lakini kasoro hiyo ni ya kurithi na hafai kuwa dume la mbegu. Daktari hupima pia mzunguko wa mfuko wa korodani kwa utepe na kuulinganisha na umri na aina ya fahali.

Hatua ya tano ni mbegu na damu. Mbegu huangaliwa kwa hadubini ili kujua wingi, mwendo na umbo lake. Damu hupimwa ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Ugonjwa huo haurithiwi, lakini huenea katika kundi na humwambukiza binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa na wakati wa kumsaidia ng'ombe kuzaa. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo jijini Mwanza kinachohudumia Kanda ya Ziwa.

Kwa upande wa mbuzi, ipo kanuni moja inayofaa kufahamika na kila mfugaji. Beberu aliyezaliwa bila pembe akimpanda jike aliyezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto wa kike huzaliwa na maumbile ya jinsi mbili na hawazai kamwe. Kasoro hiyo imefungamana na jeni ya kutoota pembe. Tiba yake ni kuhakikisha kwamba mmoja wa wazazi ana pembe.

Si kila ulemavu ni wa kurithi

Mfugaji hapaswi kumhukumu fahali kwa ndama mmoja. Upungufu wa madini, sumu za mimea na baadhi ya virusi vinavyomshambulia ng'ombe mwenye mimba huweza kuleta ulemavu unaofanana na wa kurithi. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa, na hali hiyo hutokana na kuchanganyika kwa damu tumboni na wala si jeni mbaya.

Katika maeneo ya uchenjuaji wa dhahabu, zebaki na sayanidi ni sumu kwa mifugo. Ng'ombe wasinyweshwe kwenye mabwawa ya kuchenjulia, na vifo au ndama dhaifu wanaotokea karibu na maeneo hayo wataarifiwe mara moja kwa ofisa mifugo.

Kumbukumbu ndizo zinazotofautisha. Kasoro ileile ikijirudia kwa majike tofauti waliopandwa na fahali mmoja, fahali ndiye wa kushukiwa kwanza. Kasoro ikijitokeza msimu mmoja katika makundi mengi yenye mafahali tofauti, chanzo kitafutwe kwenye ugonjwa, malisho au maji.

Kumbukumbu hizo zina umuhimu unaozidi thamani ya ng'ombe. Katika Kanda ya Ziwa, vifo vya mifugo na mikosi ya kaya vimewahi kuhusishwa na uchawi, na wanawake wazee wasio na hatia wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma hizo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inafanya kumtuhumu mtu kwa uchawi kuwa kosa. Ndama aliyezaliwa na miguu iliyopinda ana baba, ana mama na ana sababu inayoweza kuchunguzwa. Anayepaswa kuitwa ni daktari wa mifugo, na si mpiga ramli.

Fahali akishindwa kipimo

Kushindwa kipimo hakumfanyi mnyama kuwa hasara tupu. Fahali mwenye korodani moja au ngiri ahasiwe na kunenepeshwa kwa ajili ya nyama. Dume mchanga aliyekosa sifa za mbegu lakini mwenye miguu imara anaweza kuwa maksai mzuri wa kulima. Mwenye nyonga mbovu asifungwe jembe, kwa kuwa kazi hiyo humwongezea maumivu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki kumwepusha mnyama na mateso yasiyo ya lazima. Lisilokubalika ni kumpeleka mnadani na kumuuza kama dume la mbegu, kwa kuwa tatizo lililoondoka kwenye zizi moja huhamia kwenye zizi la jirani.

Sera ya Taifa ya Mifugo ya mwaka 2006 inatambua uboreshaji wa kosaafu za asili kuwa nguzo ya sekta hiyo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kumtambua kila mnyama, na mwaka 2025 Serikali ilizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Hereni ya utambuzi inasaidia kuzuia wizi, na vilevile inaweza kuwa mwanzo wa daftari la ukoo, iwapo mfugaji ataandika kando ya namba ya kila ndama namba ya baba na ya mama yake.

Daftari la shule lenye safu nne linatosha: namba ya ndama, baba, mama, na hali aliyozaliwa nayo. Mfugaji anayetaka fahali wake apimwe aanzie kwa ofisa mifugo wa kata yake, ambaye atamuunganisha na daktari wa mifugo wa halmashauri. Inashauriwa kazi hiyo ifanyike angalau miezi miwili kabla ya kipindi ambacho majike wengi hupandwa, ili akionekana hafai, pawepo muda wa kutafuta mwingine.